Programu imeondoka, mizigo yake imebaki

Unaingia Settings ya Windows, kisha Apps, kisha Installed apps, unabofya Uninstall, jina linatoweka kwenye orodha. Kazi imekwisha? Mara nyingi bado. Diski ya GB 128 inabaki nyekundu kwa kujaa vilevile, na kila kompyuta ikiwaka kinatokea kidirisha kinacholalamikia faili ambayo haipo.

Kiondoaji cha programu hufuata orodha ya vitu vilivyowekwa siku ya kusakinisha. Vilivyozaliwa baada ya siku hiyo, yaani mipangilio, kashe (data ya muda ya kuharakisha kazi), kumbukumbu za makosa na miradi uliyotengeneza, havimo kwenye orodha. Vingine huachwa kwa makusudi, kwa kuwa mtengenezaji anatarajia utarudi siku moja na ukirudi ukute kila kitu ulivyokiacha. Kompyuta ikiwa na watumiaji watatu, kiondoaji alichokiendesha mmoja kwa kawaida hakigusi folda za wale wawili. Na faili inayotumika wakati huohuo haifutiki hadi mashine iwashwe upya.

Wengi hukosea kwa kuyaona mabaki yote kuwa uchafu wa aina moja, wakakimbilia rejista, yaani hifadhidata ya mipangilio ya Windows. Rejista ndiyo ya mwisho. Cha kwanza ni data yako, ambayo ukiifuta kwa haraka huipati tena. Cha pili ni vitu vinavyoendelea kufanya kazi: huduma (programu za nyuma ya pazia), kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe, na draiva (programu zinazoendesha vifaa). Hivi ndivyo vinavyoichelewesha kompyuta na kuleta ujumbe wa makosa. Cha tatu ni mafurushi makubwa yanayokula nafasi. Vifunguo vya rejista visivyo na mwenyewe vina ukubwa wa kilobaiti chache, na ukivifuta mia mbili hutaona tofauti yoyote ya kasi.

Kabla ya kubofya Uninstall

Funga programu kabisa, pamoja na alama yake ndogo iliyojificha pembeni mwa saa. Andika jina la programu na jina la kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu folda nyingi hubeba jina la kampuni. Anayetafuta mabaki ya Chrome kwa jina la Chrome tu atapita kando ya folda iitwayo Google bila kuitilia maanani.

Kisha tengeneza pointi ya kurejesha mfumo. Bonyeza Windows+R, andika `SystemPropertiesProtection`, halafu bofya Create. Ikiwa kitufe hicho kimefifia, ulinzi wa diski C umezimwa. Uwashe kwanza kupitia Configure. Pointi hiyo hurejesha faili za mfumo na rejista. Hairejeshi nyaraka zako, kwa hiyo nakala ya kazi zako iweke kwenye fleshi au diski ya nje.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote ya hatua hii: usianze kwa kufuta folda ya programu iliyomo ndani ya Program Files. Kiondoaji chenyewe mara nyingi kinakaa humohumo. Kwa programu nyingi ni faili iitwayo `unins000.exe` au `uninstall.exe`. Ukiifuta, jina linabaki kwenye orodha na kila ukibofya Uninstall unapata kosa. Kama tayari umefanya hivyo, tiba nyepesi ni kusakinisha toleo lilelile juu yake, kisha kuliondoa kwa utaratibu. Ikishindikana, Microsoft wametoa chombo cha bure kiitwacho Program Install and Uninstall troubleshooter, kilichotengenezwa kwa ajili ya usakinishaji uliovunjika namna hii.

Soma pia visanduku vinavyojitokeza wakati wa kuondoa. Chrome, kwa mfano, hukuuliza kama unataka kufuta na data ya kuvinjari. Usipokitia alama kisanduku hicho, kila kitu kinabaki. Hilo ni sawa kwa anayetaka kurudi, na si sawa hata kidogo kwa anayemkabidhi mwingine kompyuta.

Ukimaliza kuondoa, washa kompyuta upya kabla ya kutafuta chochote. Viondoaji vingi huacha faili zilizotiwa alama ya kufutwa mashine itakapowaka, na ukianza kusaka mapema utapambana na faili ambazo zingejiondoa zenyewe.

Mahali pa kutazama

Bonyeza Windows+R na uandike hizi, moja baada ya nyingine:

`%appdata%`
`%localappdata%`
`%programdata%`

Ya kwanza hufungua folda ya Roaming, ambamo mipangilio hukaa. Ya pili ni Local, yenye kashe na vitu vizito. Ndani yake mna folda ya Programs, ambamo programu zisizohitaji ruhusa ya msimamizi hujisakinisha. Ya tatu ni ya watumiaji wote, nayo imefichwa. Ndiyo maana wengi hawaijui. Jirani na Local na Roaming kuna LocalLow, ambayo michezo mingi huitumia. Baada ya hapo tazama `C:\Program Files`, `C:\Program Files (x86)`, folda yako ya Documents, na mzizi wa folda yako ya mtumiaji, kwenye majina yanayoanza na nukta.

Usifute papo hapo. Ibadilishe jina folda unayoishuku, uiongezee `_zamani` mwishoni, kisha tumia kompyuta kwa wiki moja. Hakuna kilicholalamika? Ifute. Njia hii huokoa data.

Kabla ya kufuta chochote ndani ya AppData, jiulize kama programu hiyo ilikuwa inatunza kazi yako humo. Thunderbird hutunza barua pepe kwenye `%appdata%\Thunderbird\Profiles`. Kama akaunti yako ilipakua barua kwa POP (njia ya kuzishusha kwenye kompyuta) na kuzifuta kwenye seva, nakala pekee iliyopo duniani ni hiyo. Wasifu wa Firefox, wenye nywila na alamisho, uko `%appdata%\Mozilla\Firefox\Profiles`, wakati folda yenye jina kama hilo ndani ya `%localappdata%` ni kashe tu. Tofauti ya neno moja kwenye anwani, na matokeo ni mbali kabisa. Programu za uhasibu nazo huweka hifadhidata zao kwenye ProgramData au kwenye folda iliyochaguliwa na watengenezaji wake moja kwa moja chini ya C, kwa hiyo duka au ofisi isiguse hapo kabla mhasibu hajathibitisha ana nakala inayofunguka.

Kwa mafurushi makubwa, macho hayatoshi. WizTree au WinDirStat zitakuchorea ramani ya diski nzima; WizTree ni ya haraka mno kwenye diski za NTFS (mpangilio wa kawaida wa Windows) kwa sababu husoma orodha kuu ya faili moja kwa moja badala ya kupita folda kwa folda. Haya ndiyo ya kutazamia:

Android Studio huacha `AppData\Local\Android\Sdk`, `.gradle` na `.android\avd` ndani ya folda yako. Kwa pamoja hizi tatu hufika makumi ya GB bila shida, maana kila simu ya kuigiza ndani ya avd ina diski yake. VirtualBox hutunza mashine zake kwenye folda ya `VirtualBox VMs`, na kuondoa programu hakuzigusi. iTunes huacha nakala za simu kwenye `%appdata%\Apple Computer\MobileSync\Backup`, au, kwa ile iliyotoka Microsoft Store, kwenye `Apple\MobileSync\Backup` ndani ya folda yako ya mtumiaji. Hizo ni nakala za simu halisi ya mtu, kwa hiyo uliza kwanza. Wahariri wa video wanaotumia bidhaa za Adobe watazame `%appdata%\Adobe\Common\Media Cache Files`. Hiyo ni kashe tupu, na ikifutwa itatengenezwa upya pale itakapohitajika.

Folda ya `%temp%` haina hadithi ndefu. Chagua vyote, futa, na faili zitakazokataa ziruke.

Vinavyoendelea kufanya kazi bila mwenyewe

Hapa ndipo muda wako unapolipa.

Anza na Task Manager, Ctrl+Shift+Esc, kwenye ukurasa wa Startup apps. Ukikuta kitu kinaitwa "Program" tu, hakina alama wala mtengenezaji, hicho si kirusi kwa lazima. Kwa kawaida ni anwani ndani ya `C:\Program Files` iliyoandikwa bila alama za kunukuu. Programu ilipoondoka, Windows ilisoma anwani hadi kwenye nafasi ya kwanza na ikabaki na neno "Program". Bofya kulia kichwa cha safu, washa Command line, nawe utaona ilikuwa mali ya nani.

Kwa uchunguzi kamili tumia Autoruns, chombo cha bure cha Sysinternals, ambayo iko chini ya Microsoft. Kiendeshe kama msimamizi, washa Hide Microsoft Entries kwenye menyu ya Options, kisha tafuta mistari ya njano. Njano maana yake faili inayotajwa haipo. Toa alama ya tiki kwanza, usifute. Washa upya, tumia kompyuta siku mbili tatu, na mambo yakiwa shwari rudi ufute. Kutoa tiki kunarudishika kwa mbofyo mmoja.

Huduma zilizobaki zinaonekana kwenye `services.msc`. Bofya mara mbili ile unayoishuku, usome Path to executable, na unakili Service name, ambayo mara nyingi si sawa na jina linaloonekana kwenye orodha. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`sc stop "JinaLaHuduma"`
`sc delete "JinaLaHuduma"`

Ukitumia PowerShell ya kawaida ya Windows, andika `sc.exe` kwa ukamilifu. Humo `sc` ni kifupi cha amri nyingine, Set-Content, na badala ya kufuta huduma utajikuta umetengeneza faili mpya iitwayo "delete". Ukipata kosa 1072, linalosema huduma imeshatiwa alama ya kufutwa, funga dirisha la services.msc na la Task Manager. Yenyewe ndiyo yanayoishikilia. Likikataa bado, washa upya.

Kazi zilizopangwa ziko `taskschd.msc`. Vijiprogramu vya kusasisha hupenda sana kukaa hapa. Tazama ukurasa wa Actions wa kila kazi. Kama faili yake haipo tena, ifute. Folda ya Microsoft ndani ya maktaba hiyo iache kama ilivyo.

Waandishi wa programu waangalie pia PATH, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta amri. Bonyeza Windows+R, andika `sysdm.cpl`, nenda Advanced, halafu Environment Variables. Python au Java ya zamani ikiacha anwani yake pale juu, amri inaweza kuendelea kuangukia toleo ambalo hulitaki, na utalaumu usakinishaji mpya usio na kosa.

Draiva za printa zinastahili aya yao, hasa kwa wenye steshenari ambako printa tatu nne zimepita kwenye mashine moja. Kuondoa printa kwenye orodha hakuondoi draiva. Andika `printui /s /t2`, chagua draiva, bofya Remove, kisha chagua kuondoa draiva pamoja na kifurushi chake. Ikidai inatumika, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `net stop spooler`, halafu `net start spooler`, na ujaribu tena mara moja kabla kazi mpya ya kuchapa haijaingia. Kwa draiva za vifaa vingine, `pnputil /enum-drivers` hukupa orodha yenye majina kama oem12.inf, na unayotaka kuiondoa hufutwa kwa `pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall`. Soma jina la mtengenezaji mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwa maana draiva ya diski au ya kibodi nayo huenda imo kwenye orodha hiyohiyo.

Antivairasi ni habari nyingine

Antivairasi huingia ndani kabisa ya mfumo. Huweka draiva zinazosimama kati ya Windows na faili zako, na nyingine zinazochuja mtandao. Ikiondolewa nusunusu, dalili ni mbili zinazojirudia: intaneti inakatika ingawa Wi-Fi imeshika, au Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inakataa kuwaka kwa kuamini mlinzi mwingine yupo. Usizifukuzie hizi kwa mkono. McAfee wana MCPR, Avast wana Avast Clear, Kaspersky wana kavremover. Pakua chombo hicho kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, na ukipakue kabla hujaanza, kwa sababu mtandao unaweza ukakatika katikati ya kazi. Ikihitajika kuendeshwa kwenye Safe Mode (Windows ikiwa imewaka na vitu vya lazima tu), ifikie kwa kushikilia Shift huku ukibofya Restart.

Rejista, kwa mkono mwepesi

Kuna sababu chache tu halali za kuingia `regedit`, chombo cha kuhariri rejista: jina lililoganda kwenye orodha ya programu, menyu ya kubofya kulia inayoonyesha kitu kilichokufa, au programu inayokataa kusakinishwa upya kwa madai kwamba tayari ipo. Jina lililoganda liko hapa:

`HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall`

Programu za biti 32 zina orodha yao chini ya `SOFTWARE\WOW6432Node`, kwa mpangilio uleule, na zile za mtumiaji mmoja ziko kwenye HKEY_CURRENT_USER. Vifunguo vingine vina majina ya herufi na namba zisizosomeka. Thamani ya DisplayName ndani yake ndiyo itakayokuambia ni nani. Bofya kulia, chagua Export, hifadhi faili ya `.reg` kwenye Desktop, ndipo ufute. Ukitaka kurudisha, ibofye mara mbili faili hiyo.

Mipangilio ya programu iko `HKEY_CURRENT_USER\Software` na `HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE`, chini ya jina la kampuni. Kampuni ikiwa na programu nyingine unayoitumia bado, futa tawi la programu iliyoondoka peke yake.

Ajali kubwa hutokana na kutafuta kwa Ctrl+F na kufuta kila kinachojitokeza. Ukitafuta "Opera" utaletewa kila kitu chenye "Operation" na "Operating". Ukitafuta "Zoom" utaletewa mipangilio ya ukuzaji wa kurasa ambayo haihusiani na mikutano ya video. Programu za "kusafisha rejista" hukisia kwa namna hiyohiyo, na Microsoft wenyewe hawaungi mkono matumizi yake. Mimi siziweki kwenye mashine ya mtu yeyote.

Usivyopaswa kugusa

`C:\Windows\Installer` huonekana kama jaa: faili za .msi na .msp zenye majina yasiyoeleweka, GB kadhaa. Ndizo zinazotumika kurekebisha, kusasisha na kuondoa programu zilizopo. Ukizifuta, hakuna kinacholalamika leo. Miezi sita baadaye Office inakataa kusasishwa na kukutaka uonyeshe mahali faili ya usakinishaji ilipo. `C:\ProgramData\Package Cache` ina kazi kama hiyo. WinSxS, folda ya vipande vya Windows yenyewe, huonekana kubwa kuliko ilivyo kwa sababu faili zake zinahesabiwa pia mahali pengine kwenye diski. Ukitaka kuipunguza, amri ni hii, ndani ya Command Prompt ya msimamizi:

`DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup`

Mistari kumi ya Microsoft Visual C++ Redistributable kwenye orodha yako iache vilevile, hata ile ya 2008. Kila moja huenda inategemewa na programu tofauti, na kuiondoa kunaleta kosa la DLL (faili ya msimbo ambayo programu huitegemea) kukosekana.

Folda ikikataa kufutwa kwa madai kwamba inatumika, fungua `resmon`, ukurasa wa CPU, na uandike jina la folda kwenye kisanduku cha Associated Handles. Utaonyeshwa mshikaji. Mara nyingi ni explorer.exe, iliyobeba kipande cha menyu ya kubofya kulia. Kuianzisha upya kwenye Task Manager kunatosha. Folda ikidai ruhusa ya TrustedInstaller, hiyo ni mali ya Windows, na ulipofika si penyewe.

Vyombo vya kusaidia? Bulk Crap Uninstaller ni huria na bure, nayo hukupa kiwango cha uhakika kwa kila bakio inaloliona. Futa yale yenye uhakika wa juu tu, mengine yasome moja moja. Revo Uninstaller nayo ni nzuri, na kwenye rejista hufuta vifunguo vilivyokozwa wino. Vyote viwili hufanya kazi vizuri zaidi ukivitumia kuondoa programu tangu mwanzo kuliko ukivileta baada ya jina kutoweka.

Mac na Linux kwa kifupi

Kwenye Mac, kuburuta programu hadi kwenye Trash kunaacha karibu kila kitu. Bonyeza Shift+Command+G ndani ya Finder, andika `~/Library`, kisha tazama Application Support, Caches, Preferences, Containers, Group Containers na LaunchAgents. Majina mengi yamegeuzwa kama anwani ya tovuti iliyosomwa kinyume, mfano `com.google.Chrome`. Halafu nenda `/Library`, ile isiyo na alama ya wimbi, utazame LaunchDaemons na PrivilegedHelperTools. Humo ndimo hukaa vile vinavyowaka pamoja na mashine. AppCleaner husaidia, mradi uidondoshee programu kabla hujaifuta.

Kwenye Ubuntu na Debian, `apt remove` huacha faili za mipangilio kwa makusudi. Amri ya `apt purge` huziondoa. Vifurushi vilivyoondoka na kuacha mipangilio utaviona kwa `dpkg -l | grep ^rc`. Purge haigusi folda yako ya nyumbani, kwa hiyo `~/.config`, `~/.cache` na `~/.local/share` utazipitia mwenyewe. Snap hutunza nakala ya data ya programu iliyoondolewa kwa siku 31 usipoongeza `--purge`, na Flatpak huacha data kwenye `~/.var/app` hadi utumie `--delete-data`.

Na kama unasafisha ili uuze kompyuta, acha yote haya. Vidakuzi vilivyobaki ndani ya wasifu wa kivinjari vinaweza kumfungulia mnunuzi barua pepe yako bila nywila. Kwenye Windows, nenda kwenye Reset this PC, chagua Remove everything, bofya Change settings na uwashe Clean data. Kwenye diski ya zamani inayozunguka itachukua saa kadhaa, kwa hiyo chomeka chaja kabla hujaanza.